Mkanda wa Inchi Thelathini na Tatu

Mtahini alipomwambia amefaulu, Mama Pindo hakumsikia. Alikuwa bado ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika mbuzi asitoroke.

"Mama, shuka," mtahini akarudia. "Umefaulu. Shuka basi, wenzako wanasubiri."

Ndipo akashuka, na katika kushuka akaikanyaga koni ya mwisho, ile ile aliyoikwepa vizuri kabisa akiwa juu ya pikipiki, ikalala chali. Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha akalia, kisha akaona haya akajipangusa kwa ukosi wa koti.

Ilikuwa mara yake ya tatu. Mara ya kwanza alizoa koni nne na kumkosakosa mtahini mwenyewe. Mara ya pili alishusha mguu katikati ya ile alama ya namba nane wanayozungushwa, na sheria ya nane haina huruma: mguu ukigusa chini, rudi nyumbani ukajifunze. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mmoja. Wenzake wa darasani, vijana watupu, walimwita bibi, na mmoja alimuuliza kama anajiandaa kwa mashindano. Hakumjibu. Jamani, angemjibu nini? Kwamba ana mume nyumbani ambaye figo zimemgomea, anayesafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa? Kwamba jirani anayempeleka hospitali kwa gari lake anahama mwisho wa mwezi, na baada ya hapo hakuna mtu mwingine? Maneno kama hayo huwezi kumwambia kijana aliyevaa helmeti anakuchekea.

Sasa tuwajue watu hawa vizuri, maana hawako wengi.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja wenye hasira, kwa kuwa alikuwa hatoi nguo mpaka pindo limelala sawasawa, hata kama bibi harusi ameshasimama mlangoni analia. Mumewe alikuwa fundi pikipiki, na mtaa mzima ulimwita Plagi. Miaka thelathini alilala chini ya mashine za watu. Masikio yake yalikuwa ya ajabu: angekaa ndani anakunywa chai, pikipiki ipite barabarani, naye bila kuinua macho aseme, "Huyo asipobadilisha cheni wiki hii atatembea kwa miguu." Na kweli, wiki haiishi, mtu huyo anaonekana anaisukuma. Nyumbani mke alimwita mume fundi, na mume alimwita mke fundi, na mgeni akibisha hodi na kuita "Fundi!" wanaitika wote wawili. Ndoa yao ilikuwa hivyo. Hawakujaliwa mtoto, na walishaacha kulizungumza hilo.

Figo zilipokufa, Plagi alikwenda hospitali kwa pikipiki za abiria, mpaka siku alipolegea kwenye kona akateleza chini. Aliumia bega tu, lakini habari ilifika kijiweni kabla yake, na tangu siku hiyo madereva wakimwona wanajitia hamnazo. Huyu ana mteja, yule hana mafuta. Teksi mara mbili kwa wiki ilikuwa ndoto ya mchana kwa watu wanaoishi kwa cherehani moja. Wapo watakaouliza kwa nini hawakutafuta hiki au kile. Walitafuta! Wasemaji hawakosekani, wenye magari ndio waliokosekana. Aliyejitokeza ni Mwalimu, jirani wa mlango wa tatu, mtu mpole, naye sasa amepata barua ya uhamisho.

Basi Mama Pindo akakata shauri. Atajifunza mwenyewe, atanunua pikipiki mwenyewe, na atambeba mume wake mwenyewe. Na asianguke? Hapo ndipo ufundi wake ulipoingia. Alishona mkanda. Turubai nzito mara tatu, sifongo ndani, na vifungo vya chuma alivyovitoa kwenye mabegi ya shule. Mkanda ulizunguka kiuno cha Plagi, ukaja mbele ukazunguka kiuno chake, na mwingine ukapita mabegani. Aliujaribu kwa gunia la vipande vya nguo. Alilifunga mgongoni, akakaa juu ya stuli na kujiyumbisha kulia na kushoto huku akifanya "vruuum" kwa mdomo, na mke wa Mwalimu akachungulia dirishani.

"Vipi, shoga? Uko salama?"

"Niko kwenye kona," Mama Pindo akamjibu.

Plagi alicheka kitandani mpaka akashika mbavu. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ambacho mke wake anakikumbuka kilichokuwa kizima.

Siku alipofaulu ilikuwa Jumatano, na Jumamosi tatu zilikuwa zimebaki kabla Mwalimu hajapakia vitu. Walikubaliana hivi: Jumamosi asubuhi yeye aende yadi ya pikipiki kuukuu, ampigie mumewe simu, amsikilizishe mlio wa mashine. Yeye atakuwa miguu na macho, mumewe atakuwa masikio.

"Sikiliza, fundi," Plagi akamfundisha. "Kabla hajaiwasha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameshaipasha kabla hujafika, anakuficha kitu. Injini yenye ugonjwa inasumbua ikiwa baridi. Ya moto kila mtu anaiwasha."

"Na rangi?"

"Rangi ni ya kwenu washonaji."

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili Mama Pindo alilifanya peke yake. Kila Ijumaa, Plagi akirudi kutoka kwenye mashine, alimpima kiuno ili kuweka kifungo cha mkanda mahali pake. Mara ya kwanza futi ilisoma inchi thelathini na tatu, naye akaitamka kwa sauti, kama mafundi wote wafanyavyo, na akaandika daftarini. Ijumaa iliyofuata ikasoma thelathini na moja. Akaiangalia. Miguu ya mumewe ilikuwa imevimba kama mito, lakini kiuno kilikuwa kinakwisha. Fundi cherehani hahitaji daktari amfasirie namba. Mdomo wake ukafunguka, ukasema, "Thelathini na tatu. Kama juzi." Kisha usiku mume amelala, akasogeza kifungo taratibu, akashona upya.

Alimdanganya. Alijua anamdanganya, na alijiambia ni kwa sababu mtu akisikia anapungua atapungua zaidi. Labda ni kweli. Labda aliogopa kulisikia neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza muuzaji alimletea pikipiki nyeusi inayong'aa mpaka unajiona. Mama Pindo akaweka kiganja kwenye injini, akakiondoa haraka.

"Imeungua jua tu hiyo, mama," muuzaji akasema.

"Jua gani, na ilikuwa ndani?"

Hata simu hakupiga. Alirudi nyumbani anatembea kifua mbele, akamsimulia mumewe, naye akampigia saluti kitandani. Walifurahi kama watoto waliomkwepa mwalimu wa zamu. Wiki nzima ilipita na furaha hiyo, na wiki ni kitu kikubwa mtu akiwa na mbili tu zilizobaki.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya bluu, ya muuza mikate aliyestaafu. Injini baridi. Ilipigwa kiki moja tu ikaamka. Mama Pindo akaweka simu karibu na injini, kisha karibu na ekzosi, kisha akaileta sikioni.

"Vipi?"

"Pistoni inagonga."

"Inagonga? Mimi naiona imetulia."

"Wewe unasikia cherehani, fundi. Mimi nasikia pistoni. Iache."

Akaiacha. Muuzaji akauma midomo, akasema hajapata kuona pikipiki ikikataliwa kwa simu. Mama Pindo akamwambia amwombe Mungu asipate ugonjwa wa kumfanya naye achague kwa simu.

Ijumaa futi ikasoma ishirini na saba. "Thelathini na tatu," akasema. Plagi alikuwa ameangalia dari. "Vizuri," akasema.

Jumamosi ya tatu ikafika, na ilifika vibaya. Lori la Mwalimu lilikuwa nje tangu alfajiri, godoro likipita, kabati likipita, na Mwalimu mwenyewe alikuja kuaga, akasimama katikati ya chumba asijue mikono aiweke wapi. Jana yake alikuwa amembeba Plagi kutoka garini mpaka kitandani. "Bwana Plagi, nisamehe," akasema, kana kwamba barua ya uhamisho aliiandika yeye.

"Nenda, bwana, nenda salama," Plagi akamwambia. "Mke wangu ananunua pikipiki leo."

Mama Pindo akaenda yadi kwa miguu, nusu akikimbia. Alikuwa ameapa harudi mikono mitupu. Pale akamkuta Koplo. Huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wa mumewe zamani, sasa mtu mzima mwenye kitambi na gereji yake, na Jumamosi muuzaji humwita kukagua mashine. Walimwita Koplo kwa kuwa hutembea kama anayekagua gwaride.

"Shikamoo mama. Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba. Yupo. Nitafutie pikipiki, baba. Leo ndiyo leo."

Koplo hakupoteza muda. Akamvuta mkono mpaka nyuma kabisa, kwenye pikipiki nyekundu, rangi imefifia, kiti kimeshonwa shonwa, kiti cha chini, kipana. Mama Pindo aliipenda papo hapo, kwanza kwa sababu ya mshono. Akatoa futi mfukoni akapima kutoka ardhini mpaka kwenye kiti. Hata mtu asiyeweza kuinua mguu angewekwa pale, akiegemezwa. Akaweka kiganja kwenye injini. Baridi kabisa. Akapiga simu, akaitikiwa, Koplo akapiga kiki.

Haikunguruma. Ilinong'ona. Mama Pindo, ambaye hajui pistoni wala nini, alijua. Ulikuwa mlio mmoja, ulionyooka, kama mshono wa mashine iliyotiwa mafuta. Akaweka simu pale muda mrefu, akitabasamu peke yake katikati ya yadi.

"Umeisikia?" akauliza.

Upande wa pili kitanda kikalia.

"Imekufa hiyo," Plagi akasema. "Iache."

"Fundi!"

"Nimesema imekufa. Rudi nyumbani." Na simu ikakatwa.

Alisimama na simu mkononi, machozi yakimlengalenga kwa hasira. Koplo akamuuliza mzee kasemaje. Akamwambia. Koplo akainama akaizima mashine.

"Mama," akasema polepole, "hii injini mzee mwenyewe aliifumua yote akaifunga upya. Miaka sita iliyopita, nikiwa nimemshikia taa. Ndiyo injini ya mwisho aliyoifunga kabla hajaanza kuumwa. Tangu siku ile haijafunguliwa hata nati moja. Nilijua ataijua tu. Nilitaka afurahi."

"Labda hakuisikia vizuri. Simu hizi."

Koplo akaanza kulifuta tangi kwa kitambaa, ingawa halikuwa na vumbi.

Njia nzima ya kurudi Mama Pindo alitembea anaongea mwenyewe. Ile ya bluu nayo, kumbe! Pistoni inagonga! Pistoni gani? Alikuwa amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na woga, na alitembea haraka ili woga usimfikie. Pale mlango wa tatu lori lilikuwa limeshaondoka. Mlangoni kwa Mwalimu kulibaki kamba na ufagio.

Plagi alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani.

"Ile nyekundu uliifunga wewe," akamwambia mgongo wake.

Plagi akavuta shuka mpaka begani.

"Plagi." Hakuwa amemwita jina hilo miaka mingi. "Uliifunga wewe, na umesema imekufa. Na ile ya bluu?"

"Ile ya bluu ilikuwa nzuri," akasema ukutani. "Hii nyekundu ilikuwa nzuri zaidi."

"Kwa hiyo ulikuwa unanipotezea muda! Mwalimu ameondoka! Jumanne unakwenda na nini? Niambie, unakwenda na nini?"

Akageuka. Kugeuka kwenyewe kulimchukua muda, ikabidi Mama Pindo amshike bega, hasira na yote.

"Siendi," akasema. "Nilitaka niseme pole pole nikashindwa. Kila ukirudi na mkanda wako unanionyesha, nashindwa. Sikiliza, fundi. Siwezi kukaa. Kwenye gari Mwalimu alikuwa ananilaza. Kwenye pikipiki nitalegea tu, na nikilegea kwenye kona nitakuvuta. Nimeendesha miaka thelathini, najua. Mkanda wako ni mzuri, umeushona vizuri mno, hautaachia. Hiyo ndiyo shida. Tutakwenda chini wote wawili, na wewe ndiye utakuwa mbele."

"Ungesema tufanye lingine."

"Lingine lipi? Tumeshalitafuta. Na nimechoka. Zile sindano, ile mashine, kubebwa kama gunia. Nimechoka, mke wangu."

"Ukaamua peke yako."

"Na zile inchi," Plagi akasema, "uliamua na nani?"

Mama Pindo akakaa kitandani. Kumbe alijua. Bila shaka alijua. Suruali zilikuwa zinamdondoka, mtu hahitaji futi kulijua hilo. Wiki tatu nzima kila mmoja alikuwa amekaa na ufundi wake akimdanganya mwenzake kwa ufundi huo huo, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mjinga.

"Nipime," Plagi akasema. "Safari hii sema kweli."

Akaitoa futi shingoni. Akaipitisha chini ya mgongo wake, taratibu, akaileta mbele, akaishika kwa vidole viwili. Akaisoma, akaisoma tena.

"Ishirini na sita na nusu."

"Basi," Plagi akasema. "Ndiyo hivyo."

Mama Pindo akalia, si kwa adabu kama siku ya mtihani, akalia mpaka mke wa mwenye nyumba akaja kubisha hodi, akaambiwa hakuna kitu.

Jumapili alibembeleza, alitishia, aliwapigia simu watu aliokuwa hajaongea nao miaka. Mmoja angekuja wiki ijayo. Mmoja alisema wamwombee. Plagi alisikiliza yote hayo, na jioni akamwambia, "Acha sasa, fundi. Utajichosha." Jumatatu aliacha.

Jumanne wakaamka mapema, kwa mazoea. Saa ya kuvaa ikafika, hakuna aliyevaa. Saa ya Mwalimu kupiga honi ikafika, ikapita. Mama Pindo akachukua mkanda, akakaa kwenye cherehani na kiwembe, akaanza kuufumua, maana turubai nzuri haitupwi na vifungo vile vilikuwa na kazi. Lakini mshono wake mwenyewe ulimshinda. Alikuwa ameushona mara tatu tatu, nyuzi zimezama ndani ya kitambaa, na kiwembe kikawa kinateleza tu.

"Ile nyekundu," akasema bila kugeuka, "ilikuwaje? Sema kweli."

Plagi akaanza kusimulia. Alieleza valvu alivyozipanga, na kabureta alivyoisikiliza siku nzima mpaka Koplo akasinzia na taa mkononi. Alisema kuna mlio mdogo mle ndani, wa chini kabisa, ambao ukiupata huwezi kuukosea, na kwamba katika miaka thelathini aliupata mara mbili. Aliongea kuliko alivyoongea mwezi mzima. Kisha pumzi ikamwishia.

Mama Pindo akaweka kiwembe chini, akachukua simu, akampigia muuzaji.

"Ile nyekundu bado ipo?"

"Ipo, mama. Sasa mnaichukua au hamuichukui?"

"Bado tunachagua," akasema. "Iwashe, weka simu karibu na injini. Usiongee."

Akaiweka simu kwenye mto, katikati ya vichwa viwili, akalala kando ya mumewe na nguo zake za kazi. Kiki ikasikika, na mashine ikaamka mara moja. Plagi akafumba macho. Mkono wake wa kulia juu ya shuka ukajikunja kidogo, ukazunguka, ukarudi, ukazunguka, kama anayeongeza mafuta pole pole. Mama Pindo akaufunika kwa mkono wake, na wakasikiliza wote wawili mpaka salio likaisha.